Mdogo wangu kaandikiwa "maikosisi fangoidesi", ni fangasi au ni kansa? Naomba anayejua

DadaMkubwa_Moro

Wakuu habari za jioni, mnivumilie maana nitaandika kirefu na kichwa hakijatulia tangu juzi.

Nina mdogo wangu wa mwisho, wa kiume, miaka 22, yuko chuo. Tangu akiwa kidato cha pili ana mabaka makalioni na mapajani kwa juu na machache kiunoni, siyo meupe pee kama mbalanga, ni kama rangi imefifia tu, ukiangalia kwa karibu ngozi ya pale ina vikunjo vidogo vidogo kama ganda la kitunguu. Yanamuwasha akitoka jasho ila siyo sana. Kwa vile yako sehemu za kujisitiri alikuwa anaficha, mama ndo aliyaona siku moja kijana anaoga uani. Kuanzia hapo ikawa fangasi, fangasi, fangasi. Tumepaka Whitfield mpaka ngozi ikababuka, kanywa flukonazoli ya kila wiki, kuna duka la dawa wakatupa krimu ya mchanganyiko, dawa ya fangasi na steroidi (ya kutuliza muwasho) humo humo, hiyo ilikuwa inatuliza kidogo ukiacha wiki mbili yamerudi yote. Bibi akasema ni ukoma, tusiongee kwa majirani. Tukaenda kliniki wakamfumba macho wakawa wanamgusa na pamba kila baka, na kila wakigusa anaonyesha kwa kidole hapo hapo, wakasema anahisi vizuri, ukoma hapana.

Mwaka jana ndo akakutana na daktari wa ngozi, akakatwa kinyama cha ngozi cha kupima maabara, majibu yakaja ukurutu. Akapaka dawa ya ukurutu miezi sita. Mwaka huu dokta hakuridhika akakata vingine viwili na ndo karatasi ikaja na hilo jina, maikosisi fangoidesi. Mimi kusoma tu nikaona "fango" nikashukuru Mungu, nikasema kumbe ni fangasi kweli ila ile sugu, nikakimbia famasi nikanunua dozi ya mwezi mzima. Juzi dokta kapiga simu kuuliza mbona hatujarudi, nikamwambia tumeshaanza dawa ya fangasi, akanyamaza kidogo halafu akasema dada hiyo siyo fangasi, ni limfoma, ni saratani ya chembe nyeupe inayoanzia kwenye ngozi, njoo naye Jumatatu tuongee.

Sijamwambia mama. Kijana mwenyewe nimemwambia nusu nusu. Jamani ni ipi sasa? Kama ni kansa mbona anacheza mpira kila jioni, hajakonda, hana homa, miaka saba yote? Inaambukiza? Maana watoto wangu wanalala naye akija likizo. Na baba mdogo anasema kama ni kansa kweli apelekwe moja kwa moja akapigwe dripu za kemo zile kali kabla haijasambaa, la sivyo tunapoteza muda. Naombeni msaada, hata anayejua kidogo.

MtuWaNgozi

Pole sana dada. Na usijilaumu kwa hizo dawa ulizonunua, hilo jina limeshawapoteza wengi kabla yako, hata wauza dawa nimewaona wanasoma cheti wanatoa dawa ya fangasi na wanaamini wanafanya sawa.

Mimi ni tabibu, nilisomea mambo ya ngozi Moshi, pale kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC kilichoanza 1992, naongea kwa niliyojifunza na niliyoyaona ila siwezi kuchukua nafasi ya huyo dokta wenu, ambaye kwa maelezo yako naona anajua anachofanya. Mtu anayekata kinyama mara ya pili kwa sababu roho haijaridhika, huyo msimwache.

Kwanza jina. Mwaka 1806 kule Paris, hospitali ya Saint-Louis, daktari wa ngozi anaitwa Jean-Louis Alibert alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa na vipele na magamba halafu baadaye vikamtokea vivimbe mwilini vyenye umbo la uyoga. Ndo ikaja kuitwa hivyo, uyoga na fangasi kwa lugha yao ni ukoo mmoja. Hakuna fangasi hata mmoja ndani yake. Jina limebaki hivyo hivyo mpaka leo. Kwa hiyo hiyo dozi ya mwezi isimamishe, haimsaidii na ini lake halina sababu ya kuibeba.

Ni nini sasa. Kwenye damu tuna chembe nyeupe, kuna aina inaitwa seli T, hizi ni askari, na baadhi yao doria yao ni ngozini, wanakaa huko huko. Kwenye huu ugonjwa seli moja ya hao inaharibika inaanza kuzaa nakala zake, ukoo mmoja wa seli zinazofanana, zinapanda taratibu zinajipanga kwenye tabaka la juu la ngozi. Limfoma tulizozizoea zinaanzia kwenye tezi, mtu anavimba shingo au kwapa, au ile ya watoto kuvimba taya aliyoielezea Denis Burkitt kutoka Mulago Kampala mwaka 1958. Hii inaanza kwenye ngozi, na kwa wengi inaishia huko huko kwenye ngozi. Zipo limfoma za ngozi za aina nyingi ila hii peke yake ni karibu nusu ya zote. Ni nadra kweli, kule Marekani limfoma zote za seli T za ngozi ukizijumlisha ni kama watu 6 kwa kila watu milioni kwa mwaka, kwa hiyo mtu wa zahanati anaweza kustaafu hajaiona, au ameiona kaiita fangasi.

Mabaka aliyonayo mdogo wako ni ile sura ya rangi kufifia. Vitabu vingi vimeandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, humo utasoma mabaka mekundu, mzee wa miaka 60. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna hii ya kufifia na inapenda vijana, hata watoto. Na inapenda pale pale jua lisipofika, makalio, mapaja kwa juu, kiuno, chini ya matiti kwa kinadada. Hiyo peke yake inatakiwa imshtue mtu, baka sehemu iliyofunikwa na nguo, miaka inapita, dawa za fangasi haliskii.

Sasa hapa ndo naomba nisikike vizuri. Hii sura ya kufifia mwendo wake ni wa pole mno. Ile miaka saba anacheza mpira ndiyo tabia yake hasa. Mtu mwenye mabaka bapa tu (siyo manene, siyo vivimbe) na yamechukua chini ya asilimia 10 ya mwili, umri wake wa kuishi kwa wastani haupishani na wa jirani yake asiye na ugonjwa. Siandiki kukuliwaza, ndivyo ilivyo.

Haiambukizi. Watoto walale naye, taulo moja, sahani moja, hakuna shida.

Kwanini kinyama cha kwanza kilisema ukurutu: mwanzoni seli mbaya ni chache na zimezungukwa na askari wazima waliokuja kupambana nazo, kwenye darubini inafanana kabisa na ukurutu. Ukichanganya na krimu ya steroidi aliyokuwa anapaka ndo kabisa, zile seli zinapungua kwenye baka na mtu wa maabara anabaki hana cha kuona. Mtu akitegemea kukatwa kinyama inatakiwa aache kupaka wiki mbili mpaka nne, na wachukue zaidi ya sehemu moja. Watu wanakatwa mara tatu, nne, kwa miaka, ndo jibu linapatikana. Nyie mmepata ya pili, siyo mbaya.

Kuhusu kemo nitarudi usiku, naingia zamu.

MzeeKijiti

Binti yangu shikamoo haina haja, wewe tulia kwanza uvute pumzi.

Mimi ninao huo ugonjwa. Mwaka wa 11 huu. Walinigundua nina miaka 54, sasa nina 65 na jana nimepalilia mahindi robo eka peke yangu. Yangu yalikuwa mabaka ya rangi ya zambarau iliyochakaa, mgongoni na ubavuni, yalikuwa na magamba membamba na yakiwasha usiku ni ile ya kuamka unajikuna na kitana. Nimetibiwa fangasi, nimetibiwa upele wa kuku, nikaambiwa ni mzio wa sabuni, mke wangu akabadilisha sabuni ya kufulia mara sita. Hospitali moja siitaji, waliniandikia dawa ya kupaka bila kunivua shati. Daktari aliyenigundua ni yule wa kwanza kusema mzee vua yote, hadi nguo ya ndani, nisimame kwenye mwanga wa dirisha.

Tiba yangu kubwa imekuwa mwanga. Ni kabati limesimama kama kibanda cha simu cha zamani, ndani kuna taa ndefu ndefu za mionzi ya ultravioleti, unavaa miwani ya giza, sehemu za siri unafunika na soksi au kitambaa, unasimama mikono umeinua kidogo. Siku ya kwanza ni sekunde tu, nikauliza ndo nimemaliza? Wanaongeza kidogo kidogo kila ukija, mara tatu kwa wiki, miezi na miezi. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi mle ndani kuliko nyeupe. Kazi ilikuwa ni nauli na kuomba ruhusa kazini, hilo ndo lilinitesa kuliko ugonjwa wenyewe, kwa hiyo mpangeni mapema huyo kijana atafanyaje na vipindi vyake vya chuo, maana ukikosa kosa hakuna kinachoenda. Kwenye mwezi wa tatu ndo tukaona rangi inarudi, inaanza vidoadoa katikati ya baka, mke wangu ndo alikuwa anaviona kabla yangu.

Yamerudi mara mbili. Nikarudi kwenye kibanda, yakapungua tena. Mimi nimeshakubali ni kama sukari au presha, unaishi nao, unaufuatilia.

Na asije akamwambia mtu akae juani ndo sawa sawa. Nilijaribu hiyo, nikaungua mabega. Mle ndani wamechagua kipande kimoja tu cha mionzi na wanakipimia.

Kweli_Tupu77

Dada mimi nakupa ushauri wa bure, kuna mzee huku kwetu anatibu mambo ya ngozi kwa mizizi, shemeji yangu alikuwa na vipele vinatoka mikononi vinakuwa vidonda vinapona vinaacha makovu halafu vinatoka vingine, hospitali walishindwa wakasema hiyo hiyo limfoma sijui kitu gani, mzee kampa dawa ya kupaka na kunywa wiki nne vikaisha vyote. Madokta nao wanajaribu jaribu tu.

MtuWaNgozi

Ndugu yangu Kweli_Tupu nakuheshimu na sina shaka shemeji yako vilipotea. Ila sikiliza, vipele vinavyotoka kwa makundi, vinachubuka katikati, vinapona vyenyewe ndani ya wiki tatu mpaka nane vinaacha kovu, halafu vinakuja vingine, kuna hali inaitwa limfomatoidi papulosisi na ndivyo inavyofanya kwa kila mgonjwa, apake kitu asipake kitu. Ukinywa mizizi siku ile, mizizi ndo itasifiwa. Ukinywa chai, chai. Na hiyo hali yenyewe haiui, ila mwenye nayo anaweza kuja kupata limfoma nyingine baadaye, ikiwemo hii ya mdogo wake dada, kwa hiyo mwambie shemeji yako aendelee kuonwa hata kama ngozi iko safi leo. Tafadhali mwambie.

Ninachoogopa kwenye dawa za kupaka za mizizi ni kuunguza. Ngozi ya mgonjwa wa namna hii ikipata kidonda, bakteria wanapita hapo.

Sasa dada, baba mdogo na kemo. Mwambie amewaza kama walivyowaza madaktari wakubwa. Wamarekani walilijaribu hilo swali, majibu yakatoka 1989, wagonjwa 103 wakagawanywa, kundi moja likapigwa kwa nguvu tangu mwanzo, kemo za mchanganyiko pamoja na mionzi ya ngozi ya mwili mzima, kundi lingine likatibiwa taratibu kwa kuanzia na dawa za ngozi. Waliopigwa kwa nguvu mabaka yalipungua zaidi, kweli, lakini hawakuishi muda mrefu kuliko wale wengine, na waliteseka na madhara ya dawa. Ndiyo maana mpaka leo ugonjwa ukiwa mabaka tu, kemo ya dripu siyo pa kuanzia. Unaanza na krimu kali ya steroidi, klobetasoli kwa mfano, kwa ratiba ya daktari, na mwanga kama aliosema mzee. Baka likiwa nene kuna mwanga wa aina nyingine unaotanguliwa na dawa, huo unaingia ndani zaidi. Kikitokea kivimbe, hizi seli zinakufa kwa mionzi ya tiba kirahisi sana, dozi ndogo tu, na mionzi hiyo iko hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar. Vidonge vya methotrekseti vipo kwa waliofika mbele, na akija kuvitumia akioa avisimamishe kwanza kwa ushauri wa daktari kabla ya kutafuta mtoto.

Jumatatu muulizeni dokta haya. Ugonjwa uko hatua gani? Apapase tezi, shingoni, kwapani, mitoki kinenani. Damu iangaliwe. Kipimo cha VVU kifanyike, kiwe cha kawaida tu msitishike. Na kama kinapatikana waulizeni na kirusi kinaitwa HTLV-1, maana nacho kinaleta limfoma ya seli T inayoweza kutokea ngozini ikafanana na hii lakini mwendo wake ni mkali na tiba ni nyingine kabisa.

Na kuna kitu mnaweza kufanya nyumbani leo leo. Kiganja cha mtu pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi yake yote. Hesabuni mabaka yote yanaingia viganja vingapi, muandike na tarehe, mpige picha mwanga wa mchana. Daktari atahesabu upya lakini mtakuwa na mahali pa kuanzia, na baada ya miezi mitatu hakuna atakayebishana kama yameongezeka au yamepungua.

BintiKisauni

Niko Mombasa, nimesoma hii nikalia kidogo. Nataka kusema kitu na dada wa Morogoro usichukulie nakutisha, wa mdogo wako si kama wa babangu.

Babangu alianza na kuwashwa. Mwili mzima, si baka moja. Ngozi ikawa nyeusi ti, ya moto ukimgusa, inang'oka magamba, kila asubuhi nikitandua shuka nayazoa kwa ufagio na kizoleo, yajaa. Viganja na nyayo zikapasuka hata kikombe cha chai hawezi kushika bila kitambaa. Na mchana wa Mombasa, jua la mwezi wa pili, yeye ajifunika blanketi asema baridi. Hospitali tuliyoanzia walisema ni soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa magamba, wakampa dawa ya kushusha kinga, siklosporini, mwezi wa pili tezi za kwapa zikafura kama ndimu. Baadaye sana ndo tukaambiwa ni Sézary, ni ndugu ya hii munayozungumza, lakini hizo seli zishaingia kwenye damu zazunguka. Yuko daktari Mfaransa aliziona hizo seli kwenye darubini 1938, ndo jina lake.

Kilichomuondoa babangu hakikuwa hiyo kansa yenyewe. Ngozi ilikuwa imepasuka pasuka, bakteria wakaingia kwenye damu, siku nne.

Kwa hivyo mimi nasema hivi. Yeyote aliye na mzee nyumbani, ngozi imembadilika mwili mzima, yawasha hivo, viganja vyapasuka, tezi zimefura, asikubali kuambiwa soriasisi bila kukatwa nyama na bila damu kuangaliwa. Laiti mimi ningeambiwa hayo miaka ile. Na hata huyo kijana, akiona baka limeinuka limekuwa nene, au pamefanya kidonda, au tezi, asingoje tarehe ya kliniki.

MtuWaNgozi

Mungu amrehemu baba, BintiKisauni. Ulichosema kuhusu siklosporini ni kweli, ikitolewa kwa kudhani ni soriasisi au ukurutu kumbe ni limfoma hii, inaweza kuuharakisha. Wenzangu mnaosoma humu, kabla ya kuandika dawa ya kushusha kinga kwa "ukurutu wa mtu mzima" ulioanza ukubwani na hauskii dawa, kateni kinyama kwanza. Na magamba yale na mipasuko, mafuta mazito asubuhi na jioni siyo urembo, ni ulinzi.

MzeeKijiti

Binti wa Kisauni pole mwanangu. Umefanya vizuri kuandika.

DadaMkubwa_Moro

Jamani asanteni, siwezi kuwajibu mmoja mmoja. Nimesoma yote mara mbili halafu nikamsomea mama, nimeanza na ya MzeeKijiti kuhusu mahindi. BintiKisauni nimekuombea baba usiku.

Jana kijana karudi kutoka chuo nikampa simu asome mwenyewe, akakaa nayo kibarazani kama saa nzima. Aliporudi kitu cha kwanza alichouliza ni kama ataruhusiwa kucheza mpira, nikasema sijaona mahali wamekataza. Sijui nimekosea?

MtuWaNgozi

Hujakosea, acheze. Akimaliza aoge maji siyo ya moto sana, ajipake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu.

DadaMkubwa_Moro

Narudi kuwapa mrejesho, ni wiki mbili.

Jumatatu tulienda wanne, mimi, yeye, mama na baba mdogo. Dokta kampapasa tezi zote kasema hakuna kitu, damu ziko sawa, VVU hana. HTLV-1 sampuli imebidi isafirishwe, tunasubiri. Baba mdogo aliuliza la kemo, dokta akamjibu karibu vile vile alivyoandika MtuWaNgozi, na baba mdogo akasema basi, mimi nilitaka kusikia kwa mwenye koti jeupe. Ameahidi nauli ya miezi mitatu ya kwanza. Chuo kitampa barua ya ruhusa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi.

Kuhesabu tulihesabu Jumapili kabla ya kwenda. Mama alitaka kutumia kiganja chake nikamwambia hapana mama wamesema cha kwake mwenyewe, na yeye hawezi kujifikia huko nyuma. Basi akachukua boksi la sabuni akaweka mkono wake akauchora na kalamu, vidole vimebanwa, akaukata na mkasi. Mama ndo akawa anapachika hilo boksi baka kwa baka, mimi naandika kwenye daftari. Saba na nusu. Dokta naye alipohesabu kwa macho yake akasema kati ya saba na nane, akaomba lile boksi alitazame, akaandika tarehe kwa nyuma akaturudishia, akasema tuje nalo kila kliniki.

Mwanga ameanza Jumatano hii. Sekunde 40.